Msimbo umefika, mfumo bado

Jumamosi moja ya Julai 2025, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Moshi kwa sauti ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Baada ya shikamoo na marahaba, alinieleza kwamba alikuwa ameleta msimbo chanzo mpya wa FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta yake, kama nilivyomwelekeza, kwamba amri ilimalizika bila kosa hata moja, na kwamba kompyuta ilikuwa ingali ikijitambulisha kwa toleo lile lile la zamani. "Mjomba, nimefuata kila kitu," alisema. "Mbona haijabadilika?"

Nilimwomba aandike `uname -r` na anisomee jibu. Akasoma taratibu: 14.2-RELEASE. Kisha nikamwomba aingie kwenye `/usr/src`, afungue faili `sys/conf/newvers.sh` na anisomee mstari wenye neno REVISION. Ulikuwa umeandikwa 14.3. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo ipo na haipo?"

Swali lake lilikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kwa miaka ambayo nimekuwa nikiwaelekeza vijana kazi hii hapa Arusha, nimeona kwamba anayeanza hakwami sana kwenye amri ndefu. Hukwama kwa kudhani kwamba msimbo ulioko kwenye diski na mfumo unaofanya kazi ni kitu kimoja. Kuleta msimbo mpya ni kazi moja, na kuugeuza msimbo huo kuwa mfumo ni kazi nyingine, na kila moja ina muda wake, hatari yake na hata gharama yake: ya kwanza hula bando, ya pili hula luku.

Mkabala na duka lake la steshenari, pale Majengo, kuna fundi cherehani anayefanyia kazi barazani. Nilimwuliza mpwa wangu: ukinunua kitambaa asubuhi ukakiweka kwenye mfuko, umevaa nini? Akacheka. Gauni alilovaa ni lile la jana, na kitambaa kinaweza kukaa mfukoni mwaka mzima bila kuwa gauni, mpaka kikatwe, kishonwe, na yeye mwenyewe avue la zamani avae jipya. `git pull` ni kununua kitambaa. `make buildworld` na `make buildkernel` ni fundi akishona. `make installkernel` na `make installworld` ni kuvaa. Mfano huo una kasoro zake, kwa maana hakuna fundi anayetengeneza kwanza cherehani yake kutokana na kitambaa alicholetewa, jambo ambalo FreeBSD hulifanya kila inapolazimika kujenga kompaila mpya (programu inayogeuza msimbo kuwa programu tayari) kabla ya kujengea vingine, lakini kwa simu ya Jumamosi ulitosha.

Inanibidi nirudi nyuma kueleza jinsi tulivyofika hapo, kwa sababu hata kukipata hicho kitambaa hakukuwa kazi ndogo.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya zamani, yenye viini vinne vya prosesa na kumbukumbu ya GB 8, na hutunza mafaili ya wateja wa duka: barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule za jirani, kadi za harusi. Mimi ndiye niliyeiwekea FreeBSD, kwa sababu ya mfumo wake wa mafaili wa ZFS, na kwa sababu ni mfumo ninaoujua. Wasiouzoea wafahamu kwamba ni mfumo endeshi uliotokana na msimbo wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliotoa toleo lake la kwanza mwaka 1993, na kwamba tofauti na Linux, ambako keneli, yaani kiini cha mfumo, hutoka mradi mmoja na programu za msingi hutoka miradi mingine, huku keneli na programu za msingi hutunzwa pamoja katika mti mmoja wa msimbo. Ndiyo maana mtu mwenye mti huo kwenye `/usr/src` anaweza kujenga upya mfumo mzima kwa amri chache.

Anaweza, lakini mara nyingi hana haja. Mpwa wangu aliponiambia kwamba anataka kuhama kutoka 14.2 kwenda 14.3, iliyokuwa imetoka mwezi Juni, nilimwambia atumie `freebsd-update`, ambayo huleta vitu vilivyokwisha kujengwa, na kazi ingekwisha kabla chai haijapoa. Alikataa. Anasoma teknolojia ya habari jioni, na alitaka kuona mfumo unavyojengwa kuanzia mwanzo. Sikuwa na la kumpinga, kwani hiyo ni moja ya sababu chache nzuri za kufanya kazi hii nyumbani. Nyingine ni kutaka kubadilisha keneli au kufuata tawi, yaani mkondo wa msimbo, ambalo halitolewi likiwa limejengwa.

Alianza mwenyewe bila kunisubiri, na akaangukia makala ya zamani iliyomwagiza atumie csup. Nilipoisikia niliona haya kidogo, kwa sababu mimi ni wa kizazi hicho hicho: nilijifunza kuleta msimbo kwa programu za namna hiyo, wakati hifadhi ya mradi ilipokuwa kwenye CVS, mfumo wa kutunza msimbo pamoja na historia yake. Mwaka 2008 msimbo wa mfumo ulihamishiwa Subversion, na Desemba 2020 ukahamia Git. Makala za vipindi vyote vitatu zingali zikielea mtandaoni zikiwa na sura ya kuaminika, na anayeanza hana namna ya kujua ipi imekwisha muda wake. Siku hizi humwambia kila anayeniuliza kwamba akikutana na csup au svn (amri ya Subversion) katika maelekezo ya FreeBSD, afunge ukurasa huo.

Akarudi kwenye Git, akaingia `/usr/src` na kuandika `git pull`. Git ilimjibu kwamba hapo hapakuwa na hifadhi ya Git. Ilikuwa kweli: siku nilipoiweka ile kompyuta nilichagua msimbo uwekwe pamoja na mfumo, na msimbo unaowekwa na kisakinishi ni nakala tupu, bila historia, bila folda ya `.git`. Hauwezi kusasishwa kwa Git. Unapaswa kuondolewa na kuletwa upya kwa `git clone`. Alipojaribu kuibadilisha folda jina ili aiweke kando, aliambiwa kwamba inatumika, kwa sababu kisakinishi, kinapogawa diski kwa ZFS, huifanya `/usr/src` kuwa eneo linalojitegemea, na eneo lililopachikwa halihamishwi kama folda ya kawaida. Basi ikabidi kufuta vilivyomo na kuliacha eneo lenyewe.

Hapo ndipo tulipopoteza saa nzima kwenye simu. Alifuta kila alichokiona, akaandika `git clone`, na Git ikakataa ikisema kwamba folda si tupu. Aliandika `ls` na hakuona kitu. Akafuta tena, akaandika tena `ls`, hakuna kitu. Akarudia clone, folda si tupu. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimefungua kompyuta yangu nikifuata naye, na kwangu `ls` ilikuwa inaonyesha kila kitu, nisielewe anachozungumzia, mpaka nilipokumbuka kwamba mimi nilikuwa nimeingia kama root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, na yeye dirisha lake la pili lilikuwa la mtumiaji wa kawaida. Katika FreeBSD, `ls` humwonyesha root hata mafaili yanayoanza na nukta, ila mtumiaji wa kawaida huyaona kwa kuongeza `-A`. Nilimwambia aandike `ls -A`, na yakatokea: `.gitignore`, `.clang-format`, `.arclint` na wenzao. Tuliyafuta kwa majina, moja baada ya jingine, kwa sababu sipendi kumfundisha anayeanza amri ya kufuta yenye nukta na nyota ndani yake.

Sasa folda ilikuwa tupu, na clone ikaanza kweli. Ilifika zaidi ya nusu, mtandao ukakatika, na ikaanza tena sifuri. Hili watu wengi hawalijui mpaka liwakute: `git clone` iliyokatika haiendelei ilipoishia. Historia nzima ya FreeBSD inapita gigabaiti moja, na mpwa wangu, aliyekuwa na bando la wiki, alilimaliza kwa majaribio mawili bila kupata hata faili moja la kusoma.

Kwa haki, ningeweza kumwambia aongeze `--depth 1`, ambayo huleta hali ya sasa ya msimbo pekee bila historia, na anayetaka kujenga tu haimpungukii chochote. Ndiyo njia ninayomshauri mtu yeyote anayetumia bando. Ila yeye alitaka kusoma kumbukumbu za mabadiliko, ambazo zinarudi hadi 1993, na mimi nyumbani Sakina nina nakala kamili. Nikaandika:

`git -C /usr/src bundle create src.bundle releng/14.3`

Git ikafungasha tawi lote na historia yake katika faili moja. Nililiweka kwenye flashi, nikaitia flashi kwenye bahasha, nikaandika namba ya simu ya mpwa wangu juu yake, nikampa dereva wa Noah iendayo Moshi. Ni kilomita 80 hivi, na bahasha ilimfikia siku ile ile kabla hajafunga duka. Alifanya clone kutoka kwenye faili lile, kisha nikamsomea kwa simu herufi kumi na mbili za kwanza za alama ya komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya mwisho, yeye akilinganisha na jibu la `git rev-parse HEAD` kwenye skrini yake. Zililingana. Simshuku dereva, lakini msimbo unaokwenda kuwa keneli yako ni vizuri kujua kwamba ndio ule ule uliotumwa.

Kosa lililofuata lilikuwa langu. Nilimpa amri ya kuielekeza hifadhi yake kwenye seva rasmi:

`git remote set-url origin https://git.FreeBSD.org/src.git`

nikamwambia sasa avute marekebisho machache yaliyoongezwa baada ya mimi kufungasha. Tawi la releng hupokea marekebisho ya usalama na ya makosa makubwa tu, kwa hiyo nilitarajia kilobaiti chache. Baada ya dakika moja akaniambia kwamba namba zinapanda kwa maelfu. Nilikuwa nimesahau kumwambia afanye clone kwa `--single-branch`, na kwa hiyo Git, ilipoifikia seva kwa mara ya kwanza, ilianza kumletea matawi yote ya mradi, ya zamani na mapya. Alibonyeza Ctrl na C kwa wakati, tukaandika `git remote set-branches origin releng/14.3`, na safari hii `git pull --ff-only` ikaisha kabla sijamaliza kuomba radhi. Bando lililopotea nililirudisha kwa kumtumia vocha.

Hiyo ndiyo njia iliyotufikisha kwenye simu ya Jumamosi na swali la "ipo na haipo".

Tulipokwisha kuelewana kuhusu kitambaa na gauni, nilimpa kazi moja kabla ya kujenga: afungue faili linaloitwa `UPDATING`, lililoko juu kabisa ya mti wa msimbo, asome kila ingizo lililo juu ya lile la toleo alilokuwa nalo, na kisha anieleze kwa Kiswahili alichokielewa. Naona hii ndiyo hatua ambayo wasaidizi wengi tunairuka kwa sababu sisi wenyewe tumeizoea, ilhali ndipo waandishi wa mfumo hukuambia mapema kwamba kitu fulani kimebadilika na ukikipuuza utaumia. Alisoma, akaniuliza maswali matatu ambayo mawili kati yake ilinibidi nikayatafute. Jioni, baada ya `sysctl hw.ncpu` kumthibitishia kwamba prosesa zake ni nne, akaandika `make -j4 buildworld buildkernel`, akaniambia kwamba skrini imejaa mistari inayokimbia, nikamwambia akalale.

Asubuhi ya Jumapili nilipanda gari kwenda Moshi kwa ajili ya hatua ya kuvaa, ambayo sipendi mtu aifanye peke yake mara ya kwanza. Nilimkuta amekaa mbele ya skrini nyeusi. Luku ilikuwa imeisha usiku wa manane. Haikuwa kosa la ujenzi, kwani kompyuta ya namna ile haili yuniti nyingi kwa usiku mmoja. Ni kwamba mita ilikuwa na yuniti chache na hakuna aliyeitazama. "Mjomba, tumeshaharibu?" aliniuliza.

Nilimwambia anunue umeme, awashe, aandike `uname -r`. 14.2-RELEASE. Mfumo uliwaka kama kila siku, mafaili ya wateja yako mahali pake. Kisha nilimwomba aangalie folda ya `/usr/obj`, ambamo kila kilichokuwa kikijengwa usiku kilikuwa kimewekwa, mbali na mfumo wenyewe. Fundi alikatiziwa umeme katikati ya kushona. Aliyevaa gauni la zamani hakubaki uchi. Aliirudia amri ile ile, na kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kujengwa, mashine iliyapita haraka yaliyo tayari, ikaja kukaa mahali ambapo hukaa siku zote: kwenye LLVM, yaani kompaila, ambayo hula muda mwingi kuliko vitu vingine vyote, na ambayo ikiwa imebadilika toleo hujengwa mara mbili.

Wakati huo alikuja mteja aliyetaka kuchapishiwa nakala tano za wasifu wake. Mpwa wangu alilifungua faili lake kutoka kwenye seva ile ile iliyokuwa ikihema kwa kazi, akachapa, akapokea pesa, akarudi kukaa. Hakusema kitu, lakini nilimwona akiitazama ile kompyuta kwa namna tofauti.

Ujenzi uliisha alasiri. Mimi nilikuwa nimejiwekea sharti la kukaa kwenye benchi la wateja, nikiwa na kikombe cha chai katika mkono wa kulia, ili mkono huo usifike kwenye kibodi. Alianza na `bectl create kabla-ya-143`, ambayo kwa ZFS huhifadhi hali ya mfumo ilivyo ili mtu aweze kuirudia wakati wa kuwasha endapo mambo yatakwenda mrama. Kisha `make installkernel`. Kabla ya kuizima kompyuta nilimwomba aandike `freebsd-version -kru`, ambayo hujibu kwa mistari mitatu: keneli iliyowekwa kwenye diski, keneli inayofanya kazi sasa hivi, na programu za msingi zilizowekwa. Mstari wa kwanza ulisema 14.3. Wa pili 14.2. Wa tatu 14.2. Aliitazama mistari ile kwa muda mrefu, akaweka kidole chini ya wa pili, akasema, "Huu utabadilika nikiwasha upya." Akawasha upya, ukabadilika. "Na huu ni installworld." Sikuwa nimemwambia.

Akafanya `etcupdate -p`, `make installworld`, kisha `etcupdate -B`, zana inayooanisha mafaili ya mipangilio na toleo jipya, na hapo ukatokea mgongano mmoja kwenye `sshd_config`, faili la mipangilio ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, kwa sababu miezi kadhaa iliyopita mimi mwenyewe nilikuwa nimebadilisha mipangilio ndani yake. Nilisimama kutoka kwenye benchi, nikakumbuka sharti langu, nikakaa. Alifungua `etcupdate resolve`, akachagua kuhariri, akaona vipande viwili vilivyotengwa kwa alama, kimoja changu na kimoja cha mradi, na akaanza kusoma. Ilimchukua dakika kumi na tano jambo ambalo mimi ningelimaliza kwa dakika moja, na katika dakika hizo aligundua kwamba kuna mpangilio nilioubadilisha kimakosa tangu mwanzo, akauliza kama aurekebishe. Aliurekebisha. Akawasha upya mara ya pili, akaandika `freebsd-version -kru`, na mistari yote mitatu ikasema neno moja.

Nilimwachia onyo moja tu nilipokuwa natoka: kwa kuwa sasa mfumo wake amejijengea mwenyewe, aendelee kwa njia hiyo hiyo na asichanganye na `freebsd-update` katikati, kwani zana hiyo huweka vitu vilivyojengwa na mradi juu ya vile alivyojenga yeye, na chochote alichokibadilisha katika msimbo kitapotea bila taarifa.

Wiki chache baadaye yalitoka marekebisho ya usalama kwenye tawi lake. Nilikuwa nimepanga kumkumbusha, lakini ujumbe wake ulinitangulia: "Shikamoo mjomba. Nimesoma UPDATING, nimevuta, sijajenga. Luku imebaki yuniti sita."